Mama Lombe Alipolala Juu ya Mkanda

Kumsifu Mama Lombe ni kazi nzito kwangu, na si kwa sababu sifa hana. Mimi ni Mngoni wa Chipata, upande wa mashariki, yeye ni Mbemba wa Kasama, upande wa kaskazini, na makabila yetu haya mawili yametaniana tangu babu zetu walipochoka kuuana. Mtani hasifiwi. Mtani anatukanwa, ananyang'anywa kofia, anaulizwa mbele za watu kama leo amenawa uso. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumwambia neno jema, wala yeye hakuniambia. Kwa hiyo mkiona nateleza na kuanza kumtukana katikati ya habari, nivumilieni, ulimi umezoea.

Yeye aliniita mla panya, kwa kitoweo cha kwetu, nami nilimwita mla nyani, kwa kitoweo cha kwao. Tena nilimwita mke wangu, maana mtani wa kike ndiye mke, na mume wake wa kweli, Bwana Kabinga fundi viatu, aliniita mume mwenzangu. Kila nilipopita kibandani kwake aliniuliza kwa sauti mbona sileti matumizi ya nyumba. Jina langu ni Masauso. Kwa lugha ya kwetu maana yake ni taabu. Mama Lombe alipolisikia mara ya kwanza aliniangalia toka kofia mpaka buti, akasema, "Wazazi wako hawakupoteza muda. Walikuona tu wakajua."

Kazi yetu ilikuwa kuunga mkanda. Mgodini kwetu mawe ya shaba yakishavunjwa kwenye kinu husafiri juu ya mikanda ya mpira, mkanda mmoja ukimwagia mwingine, mpaka ghalani. Mkanda huo ni mpira mnene, upana wake ni wa kitanda cha watu wawili, na unazunguka kutwa kucha kwa sababu ncha zake mbili zimeungwa. Kila ncha hupigiliwa safu ya vibano vya chuma vyenye vitanzi. Vitanzi vya ncha hii vinaingia kati ya vitanzi vya ncha ile, halafu pini ndefu ya waya wa chuma inapitishwa humo ndani, upande mpaka upande, kama kwenye bawaba ya mlango. Hapo mkanda unaweza kupinda kwenye rola bila kukatika. Pini ikilika, au vibano vikikaa upande, mkanda unakwenda mrama, unachanika, na kinu kizima kinasimama.

Mama Lombe hakuanza kama fundi. Aliajiriwa kuzoa. Chini ya mikanda kuna wanawake wenye makoleo, kazi yao kurudisha juu mawe yaliyomwagika, na mawe hayamwagiki bila sababu. Yanamwagika pale ambapo mkanda umeungwa vibaya. Vibano vikiacha nafasi, unga wa mawe unapita. Ncha ikikatwa upande, mkanda unatambaa pembeni na kumwaga mzigo wote. Kwa hiyo yeye alitujua sisi mafundi kabla hatujamjua, maana kazi ya kila mmoja wetu ilikuwa ikimwangukia kichwani. Asubuhi moja alipanda ngazi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akasimama mbele yetu tukiwa tunakunywa chai.

"Huu mkanda wa tatu kaunga nani?"

Niliyeuunga ni mimi, na chai ilinipalia.

"Ninyi mnaunga, mimi nazoa," akasema. "Leo nimechoka kuzoa uvivu wa watu. Nipeni nyundo, ninyi shikeni koleo."

Tulicheka sana. Msimamizi wetu, Kapambwe, Mbemba mwenzake, mtu mwenye tumbo na sauti kubwa, alifuta machozi ya kicheko akamwambia, "Haya dada, njoo kesho nikupe nyundo." Alikuwa anafanya mzaha. Kesho yake Mama Lombe akaja, amevaa suruali ya mumewe, kaifunga kamba kiunoni, na juu yake kajifunga kitenge. Kapambwe akaona haya kurudisha maneno yake mbele ya watu. Ndivyo alivyoingia kikosini, na nadhani kama Kapambwe angekuwa na uso mkavu zaidi mgodi ule ungekosa fundi.

Na fundi alikuwa fundi, nikubali nisikubali. Kabla hajakata mpira alivuta uzi katikati ya mkanda, akapiga mstari kwa chaki, akarudi nyuma akautazama kwa jicho moja, akaufuta, akaupiga tena. Kapambwe alikuwa akisimama juu akipiga kelele kwamba tani za shaba zimelala.

"Zimelala?" anamjibu. "Basi zifunike shuka."

Sisi pini ilipokwama tuliitwanga nyundo mpaka ikubali. Yeye aliitoa yote, akakagua vitanzi kimoja kimoja kwa kidole, akaanza upya, na ilipita taratibu bila ugomvi. Pembe za mkanda alizikata mshazari ili zisije zikanasa kwenye chuma njiani. Akimaliza alivua glavu, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya vibano vyote toka upande huu mpaka upande ule. Halafu alishuka chini kwa wazoaji wenzake wa zamani, akasimama pale pale alipokuwa akisimama na koleo, akainua uso, akangoja maungio yake yapite juu yake. Kama hakuna kilichomwangukia, alipanda akanywa chai. Baada ya mwaka mmoja wale wanawake wa makoleo walikuwa wanakaa chini ya mkanda wa nne wakisukana nywele. Walikuwa wakimletea chikanda, kile chakula cha mizizi na karanga kinachokatwa vipande, siku za malipo, naye alinikatia kipande kidogo kabisa na kusema cha panya kiko nyumbani.

Sasa kuna jambo la ng'ombe. Kampuni ilikuwa na desturi kwamba sehemu yoyote ya mgodi ikimaliza mwaka bila mtu kuumia, inapewa ng'ombe. Getini kulikuwa na ubao, na kila asubuhi karani aliandika kwa chaki siku ngapi tumekaa salama. Mwaka ule sehemu yetu ilikaribia. Ng'ombe alishaletwa, amefungwa nyuma ya ofisi akila majani ya kampuni, na sisi tulikuwa tukienda kumwangalia wakati wa chakula. Tulimpa jina Bonasi. Kapambwe alishaazima sufuria kanisani. Mtu mmoja alishawaambia wakwe zake waje. Watoto wa mtaa mzima wa Kafwala walijua kwamba Jumamosi ni nyama, na mwenye kujua maisha ya mishahara yetu hatatucheka.

Jumatatu ya wiki ile ile tulikuwa tunapigilia vibano vipya. Mimi nimeshika chuma cha kuongozea ribiti, ile misumari ya vibano, Mama Lombe anapiga. Sijui ni jasho au ni vumbi, nyundo iliteleza kwenye kichwa cha chuma ikatua kwenye kidole changu cha kati, mkono wa kushoto, juu ya bamba. Sikupiga kelele. Nilikaa chini tu, nikaona mikanda yote inazunguka pamoja na ile iliyozimwa.

Kapambwe alifika mbio. "Masauso, umeumia wapi?"

"Kidole, bosi."

"Sikuulizi hivyo. Nakuuliza umeumia *wapi*."

Nikamwelewa. Kikosi chote kilikuwa kinanitazama mdomoni. "Nyumbani," nikasema. "Nimebanwa na mlango."

"Mlango gani?"

"Wa choo."

"Choo chako kina mlango? Mimi najua kina pazia."

"Basi bosi, nimebanwa na pazia."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka na maumivu yale yale, maana hata mimi mate yalikuwa yananitoka kwa ajili ya Bonasi. Mke wangu wa kweli, Malita, alishaniagiza mkia. Mama Lombe peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na nyundo mkononi, uso umempauka.

"Nyundo ilikuwa yangu," akasema. "Nakwenda ofisini kusema."

"Useme nini?" Kapambwe akamuuliza. "Mwenye kidole anasema pazia. Mashahidi wanasema pazia. Utabaki wewe na nyundo yako."

Alinitazama mimi, akisubiri niseme neno. Nikaangalia pembeni.

Jumanne kidole kilikuwa kimevimba mpaka hakiingii kwenye glavu. Malita akaipasua glavu kwa mkasi, akanifunga kitambaa, akanivalisha. Usiku wote nilikuwa na mkono ndani ya maji ya chumvi. Jumatano niliuweka mkono kwapani kutwa nzima nikijifanya nasikia baridi, na Mama Lombe alinijia mara kwa mara.

"Nionyeshe."

"Mke wangu, kutazama ni bure, kugusa unalipa."

"Masauso, nionyeshe mkono. Sitanii."

"Na mimi sitanii. Jumamosi jioni, nikishashiba, nakwenda mwenyewe hospitali. Nitasema pazia limeniuma Jumamosi."

"Kinanuka," akasema kwa sauti ya chini. "Nakisikia mpaka hapa."

Nilimwambia ni harufu ya Wabemba. Akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda kwa Kapambwe akamwomba, akamfuata hadi nyumbani, na Kapambwe akamwambia hivi: ukiniharibia Jumamosi yangu, dada, hutashika nyundo tena mgodini humu, utarudi kwenye koleo lako. Hilo halikuwa tishio la mdomo. Alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo, na yeye Mama Lombe alikuwa na watoto shuleni na mume anayeshona viatu vya watu wasiokuwa na viatu.

Alhamisi, mkanda wa nne ulisimamishwa tubadilishe pini. Kwa kawaida kila anayefanya kazi kwenye mkanda anatia kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na umeme hauwashwi mpaka kufuli la mwisho litoke. Tulimaliza. Kila mtu akatoa lake. Kapambwe akapaza sauti, "Washa!" na mtu wa swichi akajibu kwamba bado kuna moja.

Tukageuka. Mama Lombe alikuwa amepanda juu ya mkanda. Alifungua kitenge chake kiunoni, akakitandika juu ya vibano alivyovipigilia mwenyewe, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Hata katika wazimu wake alikumbuka kufunga kufuli kwanza. Halafu akaanza kulia, ule mlio wa msibani unaosikika mtaa wa tatu.

"Yoo, mume wangu Masauso! Umeniacha na nani? Njooni muone, enyi watu, Mngoni amekufa! Hakufa vitani kama babu zake! Amekufa kwa kidole! Amekufa kwa supu ya mkia!"

Watu wa mashariki tulio wengi pale, Wangoni na Wachewa na Wansenga, tulipasuka kwa kicheko kabla hatujafikiri. Mambo haya tunayajua. Msibani mtani analala njiani mbele ya jeneza na hamvuki. Anaingia kaburini na kukaa humo mpaka apewe anachotaka. Anavaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mbele ya wafiwa. Humpigi, humvuti, humkasirikii. Unampa anachodai, basi. Lakini hakuna aliyewahi kuona mtu analiliwa hivyo akiwa hai, amesimama na kofia yake ya kazi.

"Mama Lombe, shuka!" Kapambwe akafoka.

"Mfiwa hafokewi."

"Kinu kinangoja!"

"Kingoje. Na mimi nangoja maiti."

"Nitalikata hilo kufuli!"

"Likate, baba. Halafu uwashe, nipelekwe ghalani na shaba yenu, mkaniyeyushe."

Kapambwe akatugeukia. "Mshusheni!"

Hakuna aliyesogea hata hatua. Kufuli linakatwa kwa mkasi wa chuma. Mtani aliyelala msibani, nani atamgusa? Mchewa mmoja mpaka mafuta alivua kofia kabisa, nusu anacheka, nusu kashika heshima. Kwenye ngazi za kinu watu walianza kushuka kuja kuangalia. Wanawake wa makoleo walitoka chini, na wao, wanaomjua, wakaitikia kilio. Sasa ukawa msiba kamili.

Mama Lombe akainua mkono wake wa kushoto, akauingiza kwapani, sawasawa na nilivyokuwa nikiufanya mimi, akaiga sauti yangu. "Mimi Masauso sikuumia. Ni pazia la choo. Mapazia ya Wangoni ni mazito, yameshonwa kwa chuma. Msinipeleke hospitali, nipelekeni kwa ng'ombe!" Watu walikuwa wanashika mbavu. Ofisa wa usalama, kijana aliyekuwa anapita na karatasi zake, alisimama akauliza ni pazia gani hilo linalozungumzwa.

Nilisogea karibu na mkanda ili nimtukane. Tayari nilikuwa na tusi zuri. Machozi ya watani ni ya kuigiza, kila mtu anajua, unajipaka mate ukilazimika. Nikainama nikaona yake yanatiririka pembeni na kuingia masikioni, na hakuwa anayafuta.

"Nimekupiga mimi," akaniambia, si kwa sauti ya msiba, kwa sauti yake. "Mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Kila asubuhi unaoza mbele yangu na mimi nakusalimia. Sishuki, Masauso. Wakitaka waniondoe kazi. Nenda hospitali au nizikwe na wewe hapa hapa."

Tusi langu lilipotea. Nilimpenda mwanamke yule wakati ule, na nasema hivyo sasa kwa kuwa hayupo hapa kunicheka. Nikavua glavu.

Waliokuwa karibu walirudi nyuma kwa harufu. Kidole kilikuwa cheusi, na mstari mwekundu ulishapanda juu ya kiganja ukielekea kwenye kiwiko. Kicheko kilikatika. Ofisa wa usalama alishika mdomo. Kapambwe alitazama, akatazama tena, akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Nilidhani atanitukana. Alisema tu, "Leteni gari," na sauti yake kubwa sikuisikia ilikokwenda.

Mama Lombe aliteremka, akakung'uta kitenge, akatoa kufuli lake, akaenda mwenyewe kwa ofisa wa usalama akamwambia nyundo ilikuwa ya nani.

Kidole kilikatwa siku ile ile. Daktari alisema kama ningesubiri mpaka Jumapili tungekuwa tunazungumzia mkono. Nikapiga hesabu kwamba Jumamosi nilipanga kuwa nakula.

Bonasi walipewa watu wa tanuru. Walikuja kumchukua kwa kamba wakampitisha makusudi mbele ya karakana yetu, wakiimba. Karani akafuta ubao. Na hasira yote ya sehemu yetu haikuniangukia mimi mwenye kidole, wala Kapambwe aliyenifundisha pazia. Ilimwangukia yeye. Bombani wanawake walimgeuzia mgongo. Kanisani kwaya nzima ilisogea benchi la mbele ikamwacha peke yake. Watoto walimlilia "mbuu" kama ng'ombe akipita, na si watoto tu, watu wazima wenye mvi, watu waliokwishabatiza wajukuu. Nilikasirika na watu wale na hata leo nikiwakumbuka nakasirika. Mama Lombe alipewa barua ya onyo kwa ajili ya nyundo, akaipokea bila kubisha. Wateja wa Bwana Kabinga wakapeleka viatu vyao kwa fundi mwingine. Nilipokwenda kumsalimia alinisogezea kigoda.

"Mume mwenzangu," akasema, "mke wetu ametutia njaa."

"Umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Aliniuliza usiku ule kabla hajafanya. Nikamwambia, lala tu, mama. Kuna watu wengi wanaojua kusimama."

Kapambwe hakumrudisha kwenye koleo. Sijui kama ni aibu au ni kwa sababu mkanda wa nne ulikuwa hauwezi kukaa bila yeye. Lakini alimwacha bila msaidizi, maana hakuna aliyetaka kumshikia chuma. Alikuwa akifanya kazi ya watu wawili peke yake, chuma mkono mmoja, nyundo mkono mwingine, na kazi ilichukua asubuhi nzima.

Mimi niliporudi, mkono umeshapona, vidole vinne, nilikwenda moja kwa moja pale alipo nikashika chuma. Hakunisalimia. Aliinua nyundo. Ikakaa juu. Akaishusha polepole mpaka chini bila kupiga. Akainua tena. Akaishusha tena.

"Siwezi," akasema.

"Piga, mla nyani."

"Masauso, siwezi."

"Piga bwana, watu wanangoja shaba. Vimebaki vidole vinne, mke wangu, hata ukikosea huwezi kuvipiga vyote."

Alipumua kwa nguvu, nusu kicheko, nusu kilio. Akapiga. Ribiti ikazama vizuri. Akapiga ya pili, na ya tatu, tukaendelea mpaka safu ikaisha, akapitisha kiganja, akapitisha pini, akashuka chini kwa wanawake kuinua uso. Hakuniambia ahsante wala mimi sikumwambia. Kati ya watani neno hilo halipo.

Mwaka ukazunguka. Namba kwenye ubao ikapanda tena, na nyuma ya ofisi akafungwa ng'ombe mwingine, mweupe mwenye baka usoni. Safari hii hakuna aliyempa jina, lakini tulikwenda kumwangalia. Watu walianza kumsalimia Mama Lombe kwa mbali, kwa uangalifu, jinsi unavyomsalimia mtu ambaye unaogopa atakuharibia tena.

Ng'ombe akiwa bado amefungwa pale, tukawa tunabadilisha rola. Kapambwe alikuwa anaelekeza kwa sauti kama kawaida yake. Kamba ikateleza, rola ikaanguka, ikatua kwenye buti lake la kulia. Sote tulisikia. Alijishikilia kwenye chuma, jasho likamtoka usoni palepale.

Niliwaona wenzangu wakitazama pembeni, mmoja kwenye kinu, mmoja kwenye anga, na najua kila mmoja alikuwa tayari na mlango wake, na pazia lake, na ngazi ya nyumbani kwa bosi ambayo bosi ameteleza jana. Yule Mchewa mpaka mafuta alishaanza kusema, "Bosi, nyumbani kwako si kuna..."

Mama Lombe alikuwa kwenye mkanda wa pili. Aliweka nyundo chini. Akaja akipangusa mikono kwenye kitenge, akasimama mbele ya Kapambwe, akalitazama buti, kisha akamtazama usoni. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kitenge.

Kapambwe akakaa chini juu ya rola ile ile. Akaanza kufungua kamba za buti, na damu ilikuwa imeshajaa kwenye soksi.

"Mama Lombe, usilale," akasema. "Nakwenda mwenyewe."

Akaninyooshea mkono wake nimpe bega, na tukapita naye nyuma ya ofisi, mbele ya ng'ombe, tukielekea kwenye gari.